Nyasi hazina haraka

Mwezi Juni, masika yakishaondoka, bustani nyingi za Dar es Salaam, za Mikocheni, Mbezi Beach na Kigamboni, hupauka kwa pamoja. Nyasi zilizokuwa kijani kibichi mwezi wa nne zinaanza kugeuka manjano, kwanza mabaka mabaka, kisha uwanja mzima. Mwenye nyumba anamlaumu kijana wa bustani, kijana wa bustani anayalaumu maji, na mwisho wote wawili wanakubaliana kwenye kitu kimoja: mbolea ya yurea. Zinanunuliwa kilo mbili tatu, zinamwagwa kwa mkono, na ndani ya wiki nyasi zimeshtuka, zinang'aa. Kwa wiki tatu hivi mashine ya kukatia haipumziki. Halafu manjano yanarudi, na safari hii mwenye nyumba ana hakika kabisa kwamba kijana ni mvivu.

Kazi yangu ni kulea bustani za watu mjini hapa, na hoja yangu ni fupi. Yurea tuliiazima kwa wakulima wa mahindi bila kujiuliza kama shida zetu zinafanana. Mkulima wa Mbozi ana msimu mmoja, na ndani ya msimu huo mahindi yana wiki chache tu za kula kwa pupa. Akichelewa, amekosa. Ana haki ya kutaka mbolea inayoingia leo ikafanya kazi kesho. Nyasi ya bustani haibebi gunzi. Hakuna anayeivuna, na itakuwa pale pale mwaka kesho na mwaka wa kumi. Ukiilisha kwa pupa, faida pekee ni majani mengi ya kukata na mizizi mifupi, kwa sababu mmea uliojaa naitrojeni, kile kirutubisho cha kijani, ghafla hupeleka nguvu juu na kusahau chini. Mbolea ya polepole ambayo mkulima wa mahindi anaikimbia, kwa nyasi ndiyo hasa inayofaa.

Na Dar es Salaam mbolea ya polepole ipo tele. Imekaa kwenye viroba kwa wakamuaji wa alizeti na pamba, kwa wakoboaji wa Manzese na Tandale, kwenye viwanda vya bia vya Ilala na Chang'ombe. Ni mabaki ya mazao baada ya mtu kutoa alichokitaka: mafuta, sembe, mchele, bia. Kazi ni kujua kipi kati ya mabaki hayo ni chakula na kipi kitaiua bustani taratibu huku jirani akikupongeza kwa kupenda mazingira.

Kwanza tuongee kuhusu ardhi, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Sehemu kubwa ya mji huu imekaa juu ya mchanga, na ukisogea rasi ya Msasani unakuta mwamba wa matumbawe chini yake. Yurea ina asilimia 46 ya naitrojeni. Ikipata unyevu, vimeng'enya vilivyomo kwenye udongo na kwenye majani yaliyooza vinaigeuza kuwa amonia. Kama hukuimwagilia ikazama, na udongo wenyewe una chokaa ya matumbawe, sehemu ya amonia hiyo inapaa hewani, ndiyo ile harufu inayowasha pua asubuhi. Inayobaki inageuzwa na bakteria kuwa naitreti, na naitreti haina cha kushikamana nacho kwenye mchanga. Mvua moja ya nguvu inaishusha kupita mizizi, kuelekea kwenye maji ya chini. Na maji ya chini Dar ni visima vya watu. Naitreti ikizidi kwenye maji ya kunywa inaipunguzia damu ya mtoto mchanga uwezo wa kubeba oksijeni. Kwa hiyo ile yurea ya ziada uliyomwaga kabla ya wageni wa kipaimara haijapotea, imehamia kwa jirani.

Mashudu, yaani makapi ya mbegu yanayobaki baada ya kukamua mafuta, yanafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Naitrojeni yake imefungwa ndani ya protini, na protini haiyeyuki kwenye maji na kukimbia. Lazima bakteria na kuvu wa udongo waile kwanza, waivunjevunje, ndipo naitrojeni itoke kidogo kidogo. Wadudu hao wanahitaji joto na unyevu, vitu vile vile ambavyo nyasi inahitaji ili ikue. Kiangazi kikikaza na maji yakikatika, nyasi zinalala, na chakula nacho kinatulia kikisubiri. Yurea haina subira hiyo. Halafu mabaki yenyewe, yakishaoza, yanauachia mchanga kitu ambacho hakuna mfuko wa yurea uliowahi kuuachia: mboji, ambayo inashika maji na chumvichumvi zisishuke.

Kuna hesabu moja ambayo kila anayetaka kujaribu aishike kichwani, maana ndiyo inayotenganisha kulisha nyasi na kumwaga uchafu. Kwa nyasi za viwanja na bustani, kipimo kinachotumika sana kwa mara moja ni gramu 5 za naitrojeni halisi kwa kila mita moja ya mraba. Bustani ya mita 10 kwa 10 inataka nusu kilo ya naitrojeni. Kwa yurea hiyo ni kilo moja na kidogo tu, na ndiyo maana ni rahisi sana kuzidisha na kuunguza: mkono mmoja mzito, baka moja jeusi. Sasa mashudu. Muuzaji wa vyakula vya mifugo hajui naitrojeni, anajua protini, kwa sababu ndiyo wafugaji wanayouliza. Usihangaike. Chukua asilimia ya protini, igawanye kwa 6.25, umepata naitrojeni. Mashudu ya alizeti yanayokamuliwa na maganda yake, yale meusi ya mistari, tuseme yana protini asilimia 25; naitrojeni ni asilimia 4, kwa hiyo bustani yetu inataka kilo 12 na nusu. Mashudu ya pamba yanayofika naitrojeni asilimia 6 yanataka kilo 8 hivi. Pumba za mahindi, protini asilimia 10 kama ni nzuri, zinataka zaidi ya kilo 30, na hapo unaanza kuona kwa nini sizitumii.

Machicha ya bia ndiyo yanayodanganya wengi. Ukisoma kwamba yana protini zaidi ya asilimia 20 unadhani umepata mgodi. Ila kipimo hicho ni cha machicha makavu, na machicha yanatoka kiwandani yakiwa maji robo tatu au zaidi. Ukiyapima mabichi, bustani ile ile ya mita 100 za mraba inataka karibu kilo 60, na karibu kilo 46 kati ya hizo ni maji uliyoyalipia kirikuu. Na hayangoji. Siku ya pili yamechacha, ya tatu funza wamefika. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaoyachukua alfajiri wanajua wanachofanya. Wana midomo inayosubiri. Bustani haina mdomo wa kumaliza tani moja kwa siku mbili.

Mara ya kwanza kununua mashudu duka la vyakula vya mifugo, muuzaji aliniuliza swali la kawaida kabisa.

"Una kuku wangapi, kaka?"

"Sifugi. Ni ya nyasi."

"Nyasi za ng'ombe?"

"Za kukanyaga. Za bustani."

Akamgeukia mwenzake aliyekuwa anashona kiroba. "Hebu njoo umsikilize huyu. Watu wa Mbezi siku hizi wanalisha majani."

Tulicheka wote, lakini maneno yake hayakuniacha, na tangu siku hiyo ndiyo yanayoniongoza. Mashudu si takataka. Ni takataka kwa anayekamua mafuta. Kwa mama anayefuga kuku wa mayai Kivule ni nusu ya maisha yake. Mabaki ya viwandani yana foleni, na foleni hiyo ina haki. Mbele wako kuku, ng'ombe na nguruwe, wanaogeuza protini kuwa chakula cha watu. Nyuma yao wako wachoma matofali, wanaotaka maganda ya mpunga yawe moto. Nyasi, ambazo kazi yake ni kupendeza na kuzuia vumbi, zinasimama mwisho. Ninapomsikia mtu anahimiza bustani zote za mji zipewe mashudu mazuri, najua hajawahi kununua chakula cha kuku mwezi wa pili.

Kwa hiyo nanunua kile ambacho kuku wamekikataa. Mashudu yaliyonyeshewa ghalani. Yaliyofagiliwa sakafuni yakiwa na mchanga. Yaliyoota ukungu. Haya ya mwisho mfugaji mwenye akili hawapi wanyama wake, kwa sababu ya sumukuvu, ambayo ikiingia kwa ng'ombe inatokea kwenye maziwa. Muuzaji anayatoa kwa bei ya kuyaondoa tu. Kwenye udongo yanaoza kama mengine. Masharti ni haya: uyanyunyizie maji kidogo kabla ya kuyashika, na ufunge pua na mdomo, kwa sababu vumbi la ukungu si la kuvuta, na usiyapeleke penye kuku wanaochakura, wala majani utakayoyakata wiki zile usimpe sungura wala ng'ombe. Ukishindwa kuyatimiza hayo, nunua yurea, sitakusema.

Namna ya kuyaweka nayo ina ufundi wake. Mashudu ya mashine ndogo yanatoka kama vigae, magumu, yamejikunja. Ukiyatupa hivyo kwenye nyasi, kila kigae kinaoza mahali pake, chini yake nyasi zinakufa kwa kukosa hewa, na pembeni yake linaota duara la kijani kikali. Bustani inakuwa na ndui. Inabidi uyaponde, kwa mchi au kwa kuyapitisha kwenye mashine ya kusaga, kisha uyachekeche. Nyasi zikatwe kwanza, fupi kidogo kuliko kawaida, na ziwe kavu. Mwaga nusu ukitembea urefu, nusu ukitembea upana. Kisha chukua fagio la chelewa upigepige juu juu mpaka unga ushuke kwenye shina. Hatua hii vijana wengi wanairuka. Unga ukibaki juu ya jani, maji yanaufanya uji, uji unakauka, na juu ya uji huo unaota ukungu mweupe ambao utamfanya mwenye nyumba akupigie simu saa kumi na mbili asubuhi. Mwagilia jioni hiyo hiyo, maji ya kutosha kuzamisha.

Siku ya pili kuna harufu. Si kali kama ya samadi ya kuku, lakini ipo, na ukiificha mteja atakuja kuigundua akiwa na wageni. Mama mmoja wa Salasala, mstaafu mwenye heshima zake, aliniita barazani. "Mwanangu, hii bustani inanuka kama dagaa waliolala. Umeweka nini?" Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama itanuka mpaka Jumamosi. Nikasema mwisho Alhamisi. Akasema basi sawa, ila siku nyingine nimpe taarifa apeleke vikao vyake kwa dada yake. Siku hizi natoa taarifa.

Tatizo kubwa kuliko harufu ni kunguru. Wale kunguru wa Kihindi wenye shingo ya kijivu, mabwana wa mji huu, wana macho. Ukimwaga mashudu makavu asubuhi, saa nne wamejaa ukutani, saa tano wanapekua nyasi utadhani wamelipwa. Ndiyo sababu ya kumwaga jioni na kumwagilia papo hapo. Asubuhi unga umeshashuka, nao wanabaki kulalamika juu ya waya wa umeme.

Faida moja ya mashudu haitajwi inavyostahili, nayo ni usafi wa mbegu. Samadi ya ng'ombe, hasa ile inayozolewa zizini pamoja na udongo, inakuja na kila kitu: mbigili, mchicha pori, na yule adui mkuu, ndago. Ndago haihitaji hata mbegu; kinundu kimoja cha chini kinatosha kuchafua kona nzima ya bustani mwaka ule ule. Nimeona bustani nzuri za nyasi za kapeti zikigeuka mashamba ya ndago kwa sababu ya kirikuu kimoja cha samadi ya bei poa. Mashudu yamepita kwenye chuma na joto. Hakuna kinachoota humo.

Sasa yale yasiyofaa. La kwanza ni maganda ya mpunga, na nalitaja la kwanza kwa sababu yanatolewa bure na kwa wingi. Katika kila kilo 100 za mpunga, karibu kilo 20 ni maganda, na mwenye mashine atakushukuru ukiyabeba. Lakini maganda hayo ni kaboni tupu na naitrojeni kiduchu, kaboni 80 hadi 100 kwa naitrojeni moja. Bakteria wakipewa kitu chenye kaboni zaidi ya 25 au 30 kwa naitrojeni moja, hawawezi kukila bila kutafuta naitrojeni pengine, na pengine penyewe ni udongoni, kwenye chakula cha nyasi zako. Unamwaga "mbolea" na nyasi zinazidi kuwa manjano. Vumbi la mbao ni baya zaidi. Maganda ya miwa kutoka kwa wakamua juisi wa barabarani yako kundi hilo hilo, na juu yake yanaita mchwa.

Hii haimaanishi kwamba maganda ya mpunga hayana kazi. Yachome nusu, kwa moto wa kufukiza, yawe meusi bila kuwa majivu, na umepata kitu kizuri cha kuchanganya na mchanga unapotandaza kapeti mpya. Kinashika maji na hakiozi. Au yape kazi mbili: kwanza yatandikwe kwenye banda la kuku wa nyama, yakinywe kinyesi cha wiki tano sita, kisha ndiyo yaje kwenye rundo la mboji. Rundo hilo likilowanishwa na kugeuzwa linapanda joto hadi nyuzi 55 na zaidi, na joto hilo linaua mbegu na vimelea vingi. Linachukua miezi, linataka mtu wa kuligeuza, na linataka nafasi ambayo nyumba za mjini hazina. Kwa mteja mwenye kiwanja kikubwa Kigamboni linawezekana. Kwa mwenye bustani ya mbele ya geti, hapana.

Machicha ya nazi nayaacha kwa kuku. Yana mafuta yaliyobaki, yanachacha haraka, yanaleta sisimizi na panya, na naitrojeni yake ni ndogo. Maganda ya korosho sitaki hata kuyaona karibu na nyasi: lile ganda lina mafuta yanayobabua ngozi, kila mtu aliyewahi kubangua korosho anaujua ule moto wa vidole. Damu ya machinjioni ni habari nyingine. Ikikaushwa vizuri ina naitrojeni asilimia 12 au 13, ni mabaki machache yanayoikaribia, kilo 4 zinatosha ile bustani yetu ya mita 100. Lakini iliyokaushwa vizuri ndiyo hiyo. Damu mbichi kwenye ndoo ni nzi, mbwa wa mtaa mzima, na mjumbe kubisha hodi.

Wateja wanaosoma mitandaoni huniletea habari ya unga wa gluteni ya mahindi, wakisema Wamarekani wanaweka mahindi kwenye nyasi na magugu yanakufa. Habari hiyo ina ukweli ndani yake, na namna ilivyogunduliwa inanifurahisha. Miaka ya 1980, mtaalamu wa nyasi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Nick Christians, alikuwa anajaribu kuupandikiza ugonjwa wa kuvu kwenye nyasi za gofu, na kuvu huyo alikuwa amekuzwa juu ya unga wa mahindi. Ugonjwa haukushika. Badala yake akaona kwamba penye unga wa mahindi mbegu za nyasi zinashindwa kuota sawasawa. Akafuatilia, akakuta nguvu hiyo iko kwenye gluteni, ile protini inayobaki viwanda vikishatoa wanga. Hataza yake, yaani hati ya kumiliki ugunduzi huo, ilitoka mwaka 1991. Gluteni hiyo ina protini karibu asilimia 60, kwa hiyo naitrojeni karibu asilimia 10. Inalisha nyasi zilizokomaa huku ikizuia mizizi ya mbegu zinazoanza kuchipua.

Sasa angalia wanachokosea watu wetu. Pumba za mahindi za Manzese si gluteni. Ni ngozi na kiini cha punje vilivyotoka kwenye kinu cha kukoboa, protini yake ni moja ya sita ya ile. Ukimwaga pumba kwa kutegemea kuua magugu, utawalisha kunguru tu. Na hata ungeipata gluteni yenyewe, inazuia mbegu zinazochipua. Mmea uliokwisha shika mizizi haiugusi. Ndago inayotoka kwenye kinundu itaila hiyo gluteni na kukushukuru.

Kuna jingine la kwetu kabisa ambalo naona tumelilalia: mwarobaini. Mashudu yanayobaki baada ya kukamua mbegu zake ni machungu, hakuna mnyama anayeyapigania, kwa hiyo kwenye ile foleni nyasi zinasogea mbele bila kumdhulumu mtu. Yana naitrojeni ya wastani, lakini uzuri wake ni kwamba kemikali za mwarobaini zinawapunguza kasi wale bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti. Naitrojeni inakaa muda mrefu zaidi katika hali isiyoshuka na mvua, jambo ambalo kwa mchanga wa Dar lina uzito. India imelichukulia kwa uzito kiasi kwamba mwaka 2015 serikali iliagiza yurea yote ya ruzuku ipakwe mafuta ya mwarobaini. Sisi mti huu tunaupanda kila mtaa kwa kivuli na dawa ya malaria, mbegu zinaanguka, tunafagia, tunachoma.

Na wale wateja wanaoona mashudu kama ushamba, kwamba uwanja wa kistaarabu unataka mbolea ya chengachenga kwenye mfuko wenye picha, huwa nawaambia habari ya Milwaukee. Tangu mwaka 1926 mji huo wa Marekani unakausha bakteria wanaosafisha maji yake ya vyoo na kuwauza kama mbolea, na wanunuzi wake wa mwanzo kabisa walikuwa viwanja vya gofu. Nyasi laini kuliko zote duniani zimelelewa kwa kitu ambacho usingependa kukiuliza kwa undani. Walichokipenda ni ule upole wake: kijani kinakuja taratibu, kinakaa, hakiunguzi.

Hata hivyo, kabla hujabeba kiroba chochote, piga magoti uangalie jani. Si kila manjano ni njaa ya naitrojeni, na hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Nyasi zikikosa naitrojeni, majani ya zamani, yale ya chini, ndiyo yanayotangulia kupauka, na yanapauka jani zima. Mmea unawanyang'anya wazee kuwapa watoto. Ukikuta majani ya juu, machanga, ndiyo ya manjano, na mishipa yake imebaki kijani kama mistari ya daftari, hiyo ni njaa ya chuma. Iko sana Masaki na Oysterbay, kwenye udongo wa matumbawe, ambako chuma kipo lakini chokaa imekifunga. Hapo mashudu hayatasaidia sana, na majivu, ambayo watu hupenda kuyamwaga, yatazidisha ubaya kwa sababu nayo yanaongeza chokaa. Na ukikuta ncha za majani zimekauka zikawa kahawia, onja maji ya kisima kwanza. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Kwa bustani hizo dawa ni kubadili nyasi, uweke paspalamu ya pwani inayovumilia chumvi, kuliko kuilisha kapeti inayokunywa maji ya bahari.

Bustani ambayo kweli ina njaa ya naitrojeni, ukiipa mashudu mwanzoni mwa vuli, mwezi wa kumi, na tena masika yanapopungua nguvu, inakaa kijani wiki sita hadi nane kila mara, kwa ninavyoona. Maandishi ya Ulaya na Marekani yatakuahidi miezi mitatu na zaidi. Kwao udongo una miezi ya baridi ambayo bakteria wamelala. Wetu hawalali, joto la Dar linawafanya wale mwaka mzima, na wanamaliza mapema. Usimwage masika yakiwa katikati, maji yatabeba unga wote hadi mtaroni. Nunua Julai na Agosti, baada ya mavuno ya alizeti ya Singida na Dodoma, mashine za kukamua zikiwa zinafanya kazi usiku na mchana na muuzaji hana pa kuweka viroba. Panga juu ya paleti, mbali na ukuta, na uwe na paka.

Kuna mabaki mengine ambayo bado nagombana nayo karibu kila nyumba: majani yenyewe yaliyokatwa. Yakikaushwa yana naitrojeni asilimia 3 hadi 4, sawa na mashudu ya alizeti ya daraja la chini, na ukiyaacha yaanguke pale pale yanairudishia bustani karibu robo ya chakula chake cha mwaka. Sisi tunayazoa, tunayajaza kwenye viroba, tunamlipa mtu wa guta ayabebe, kisha tunanunua mbolea. Nimelieleza hili kwa maneno ya kila namna. Jibu ni lile lile: nyasi zilizokatwa zikiachwa chini, watu watasema nyumba haifagiliwi. Yule mama wa Salasala na mimi tumefikia mwafaka. Bustani ya mbele, ya wageni, inafagiwa mpaka inameta. Ya nyuma, penye kamba ya nguo, majani yanabaki. Na ya mbele inapata kilo tatu za mashudu zaidi kila mara, ambazo tumekubaliana azilipe mwenyewe.